Kichwa cha Kipa

Mwezi ule, watu wa nyumba ile hawakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Mama ni mshonaji. Sebule yake ndiyo karakana yake, na mgeni hakupata pa kukaa, maana kila kiti kilikuwa kimevishwa gauni. Mdogo wake alikuwa anaolewa, na nguo zote za harusi alishona yeye. Baba ni fundi majokofu. Ulikuwa msimu wa joto, na majokofu yana tabia ya kufa wakati wa joto. Simu yake haikukoma kuita.

Watoto nao walikuwa na mambo yao. Binti mkubwa alikuwa akidaka katika timu ya wasichana ya shule, na timu ilikuwa imeingia nusu fainali. Nyumbani walimwita Kipa. Mdogo wake wa kiume alikuwa mkimbiaji. Huyo walimwita Kasi, na kweli hakutulia hata mezani. Juu ya yote, bibi mzaa baba alikuwa anatimiza miaka sabini. Ukoo mzima ulialikwa kwake, safari ya saa kadhaa.

Baba akatoa wazo. Alisema wakiandamana wote kila mahali, watakwisha kwa uchovu. Basi wagawane zamu. Yeye atashika michezo. Mama atashika mambo ya harusi. Dada yake, yaani shangazi wa watoto, atashika safari ya kwa bibi. Kila mtu amalize lake, asimpigie mwenzake simu kwa vijambo vidogo vidogo. Mama aliafiki kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa umebana pini. Shangazi naye aliafiki. Ukiutazama kwa juu, ulikuwa mpango mzuri. Hata mimi ningeuafiki.

"Jambo moja tu," baba alisema. "Tusisumbuane."

Watoto walikuwa wamekaa pale pale. Walisikia.

Jumamosi asubuhi baba aliwapeleka uwanjani. Kipindi cha pili, mpira ulipigwa chini kuelekea kona ya goli. Kipa akaurukia. Mshambuliaji naye akaja mbio, akashindwa kujizuia. Goti lake likampiga Kipa juu ya sikio. Kipa akalala chini. Baba alisimama. Kisha Kipa akainuka, akajipangusa vumbi, akapunga mkono. Baba akaketi. Kocha alimuuliza kama yuko sawa, naye akasema yuko sawa. Mtoto gani wa nusu fainali atasema hayuko sawa?

Timu ilishinda. Ndani ya gari, Kipa aliuliza matokeo yalikuwaje. Baba akamwambia ni mbili kwa moja, wamekwenda fainali. Hawajafika mbali, Kipa akauliza tena swali lile lile. Baba akacheka. Alidhani furaha imempanda binti yake kichwani. Akamshusha mlangoni, akageuza gari kumwahisha Kasi kwenye mbio zake. Habari ya goti hakumwambia mama. Aliliona jambo dogo.

Jioni ile ilikuwa zamu ya mama. Kulikuwa na tafrija ya kumuaga bibi harusi. Ukumbi ulijaa muziki na taa za rangi. Keki haijakatwa vizuri, Kipa akatoka nje na kutapika nyuma ya ukumbi. Mama alimfuta mdomo, akamgombeza kidogo kwa kufakamia soda. Kipa akasema taa zinamuumiza macho. Mama akamwomba avumilie, zimebaki picha chache tu. Wakati wa kurudi Kipa akatapika tena, kando ya njia. Mama alisema tumbo litatulia likipumzishwa. Hakumwambia baba, kwa sababu baba alikuwa na majokofu yake ya kuwaza.

Kesho yake ilikuwa zamu ya shangazi. Kipa alilala tangu walipoondoka mpaka walipofika kwa bibi. Ilibidi shangazi amtikise na kumwita mara kadhaa ndipo aamke. Watu walipoanza kuimba, Kipa alikwenda kukaa nje peke yake. Alilalamika kichwa. Sasa, mkoba wa shangazi ni duka la dawa lisilo na leseni. Aliufungua, akatoa kidonge cha maumivu, akampa. Jioni akampa kingine. Alipomrudisha nyumbani alisema mtoto amechoka tu, wamwache alale. Kisha akaenda zake.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Watu wazima watatu, wote wanampenda mtoto, na kila mmoja ana siri ambayo hajui kuwa ni siri.

Jumatatu alasiri jirani yao alikuja kujaribu gauni lake. Jirani huyu ni muuguzi katika hospitali kubwa, mwanamke mtaratibu ambaye huwezi kumharakisha hata ungemwambia nyumba inaungua. Alipanda juu ya kigoda ili mama apime upindo. Baba alikuwa amepita kula. Shangazi alikuwa pale, anasubiri gauni lake. Kipa alikuwa akimpa mama yake pini.

Mama aliomba pini, Kipa akampa mkasi. Mama akaguna, akaomba tena. Kipa akauliza gauni lile ni la nani. Akaambiwa ni la jirani. Haikupita dakika, akauliza tena gauni ni la nani. Shangazi akacheka. Muuguzi hakucheka. Aliteremka kwenye kigoda, upande mmoja wa gauni ukiwa na pini na mwingine ukiburuta, akamshika Kipa mabega na kumtazama macho.

"Mwanangu, kichwa kinakuuma?"

Kipa alimtazama mama yake kwanza. Kisha akamtazama baba yake.

"Kinauma," alisema. "Leo kinauma kuliko jana."

Muuguzi akauliza kama ameanguka au kugongwa. Baba akasema ndiyo, Jumamosi, goti la mchezaji, lakini aliinuka mwenyewe. Mama akageuka.

"Goti gani?" aliuliza. "Mbona sikuambiwa habari ya goti?"

Muuguzi hakumruhusu aendelee. Aliuliza kama mtoto ametapika. Mama akajibu kwamba ametapika mara mbili. Safari hii baba ndiye aliyegeuka, maana habari ya kutapika ilikuwa mpya kwake. Kisha shangazi akasema polepole kwamba njiani alipata shida kumwamsha, na kwamba amempa vidonge. Wote watatu walitazamana. Baba akasukuma sahani kando.

"Sikilizeni," muuguzi alisema. "Mtoto aliyegongwa kichwa, halafu akatapika zaidi ya mara moja, au akauliza jambo moja tena na tena, au akawa mgumu kuamka, au kichwa kikazidi kumuuma, huyo ni wa hospitali. Na si kesho. Ni sasa hivi."

Alipokuwa akibadilisha nguo aliendelea kuwaeleza kupitia mlango wa chumba. Kuna dalili nyingine za hatari. Mtoto kupata degedege. Mkono au mguu kulegea. Ulimi kuwa mzito. Damu au maji maji kutoka puani au masikioni. Mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko ya pili. Ukiona hata moja, usingoje kuona ya pili. Na asiwepo wa kusema kwamba aliinuka mwenyewe, kwa hiyo ni mzima. Ubongo unaweza kuumia na mtu akasimama wima.

Wakapanda gari la baba. Jokofu la mteja lilikuwa bado nyuma, nao wakaenda nalo hivyo hivyo. Kipa alilaza kichwa kifuani kwa mama yake. Kila alipofumba macho mama alimwita jina. Muuguzi alimwambia asifadhaike. Kulala kwenyewe si kosa. Kosa ni mtoto kulala kabla hajapimwa, na bila mtu wa kumwangalia kama anaamka vizuri.

Kwenye korido ya hospitali walikaa kwenye benchi moja refu. Mama alikuwa bado na mto wa pini mkononi. Aliogopa. Baba alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikumbuka alivyocheka ndani ya gari, na kicheko kile sasa kilimchoma. Daktari alitaka kujua ni vidonge gani mtoto amepewa. Shangazi akamwaga mkoba wake wote juu ya meza. Daktari alivipanga, akauliza, akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba baadhi ya dawa za maumivu zinaweza kuzidisha damu kuvuja, na nyingine zinaficha maumivu ambayo yangewashtua watu mapema. Mtoto aliyegongwa kichwa asipewe dawa kabla ya kumuuliza mtaalamu. Shangazi hakujitetea. Alilia tu.

Walipokuwa wanasubiri kipimo cha picha ya kichwa, mama alimuuliza Kipa kwa nini hakusema. Kwa nini hakumwambia hata mmoja wao kwamba anaumwa tangu Jumamosi?

"Mlisema tusisumbuane," Kipa alisema.

Mama alimvuta karibu, akambusu paji la uso. Baba akageukia ukuta.

Wakamwita Kipa ndani. Mlango ukafungwa. Sitawaambia walikaa muda gani, maana wao wenyewe hadi leo wanabishana. Mama anasema ilikuwa kutwa nzima.

Daktari alipotoka alisema hakuna damu iliyovuja. Mama aliketi chini sakafuni, pale pale. Lakini daktari hakuwa amemaliza. Alisema picha kuwa safi si sawa na kichwa kuwa kizima. Ubongo wa Kipa ulikuwa umetikisika kwa nguvu, na ulihitaji muda wa kupona. Apumzike nyumbani kwanza. Akipata nafuu, arudi shule kidogo kidogo. Baadaye atembee, kisha akimbie taratibu. Kichwa kikianza kuuma, arudi nyuma hatua moja. Mpira ndio wa mwisho kabisa, na ni mpaka daktari aseme.

"Fainali ni Jumamosi," Kipa alisema, machozi yakimtiririka.

Daktari aliinama ili wawe sawa kwa urefu. Alimweleza kwamba kichwa kikigongwa mara ya pili wakati ubongo haujapona, madhara huwa makubwa sana. Wapo watoto ambao hawakuwa tena kama walivyokuwa. Wapo waliokufa. Alisema hivyo bila kumtisha, lakini pia bila kumficha.

Siku chache baadaye kocha alikuja nyumbani. Alimkuta Kipa ameketi, anaongea vizuri, hata anatabasamu. Kocha si mtu mbaya. Alikuwa na fainali kichwani, basi. Alisema mtoto anaonekana mzima, ni mechi moja tu, na atawaambia mabeki wamlinde. Nawaambia ukweli, baba aliitaka fainali ile kuliko kocha. Alikuwa ameshawaambia wateja wake wote. Alimtazama binti yake, na binti yake alimtazama yeye, akisubiri.

"Kocha," baba alisema, "kipa wa akiba unaye. Mimi binti wa akiba sina."

Timu ilifungwa fainali. Kipa alinuna kwa muda, na hakutaka hata kumsalimia baba yake. Baba alivumilia. Harusi nayo ikafika. Kipa aliketi mbali na spika na kurudi nyumbani mapema na shangazi, ambaye siku hizi kabla ya kumpa mtu dawa anauliza kwanza. Polepole kichwa kilitulia. Maswali ya kujirudia yaliisha. Siku ambayo Kipa alisoma ukurasa mzima bila kushika kichwa, mama alisimamisha cherehani na kumsikiliza mpaka mwisho.

Zamu bado zipo katika nyumba ile. Bila zamu wangefanyaje? Ila sasa hakuna anayekabidhi mtoto kimya kimya. Unayemleta unasema yote uliyoyaona, ameanguka wapi, amekula nini, analalamika nini. Mara moja baba alirudi kutoka getini kuja kusema tu kwamba Kasi amejikwaa kidole. Mama alimcheka sana, lakini akakikagua hicho kidole.

Msimu uliofuata, daktari alikuwa ameshamruhusu Kipa kudaka. Mama alifunga karakana, akaenda uwanjani pamoja na baba. Mechi ilikuwa suluhu, dakika za mwisho. Mshambuliaji wa timu pinzani alirukia mpira wa kona, akaukosa, akajigonga kichwa kwenye mwamba wa goli. Akaanguka. Mpira ulidunda ukaenda mbele ya wachezaji wengine, na mwamuzi alikuwa akiufuata mpira.

Kipa aliuacha. Alitoka golini, akapiga magoti kando ya yule msichana, akainua mkono juu kuita msaada. Nyuma yake mpira ulipigwa, ukaingia wavuni. Baadhi ya watu walizomea. Mama alikuwa amemshika baba mkono, na kucha zilimwingia.

Mshambuliaji alijaribu kuinuka. Alisema yuko sawa. Kipa akamshika bega, akamwambia akae, asiinuke kwanza. Wakati huo mama wa yule msichana alikuwa ameshafika, anahema, anauliza mwanawe amefanyaje. Kipa alimweleza yote. Alimwonyesha alipojigonga. Akamwambia kwamba alifumba macho kidogo, na kwamba ameuliza mara mbili wako wapi.

"Mpeleke hospitali sasa, mama," alisema. "Na wa nyumbani uwaambie wote haya niliyokuambia."