Upande wa Mama Mhoja

"Baba Mhoja, utaziba lini hilo bati linalonivujia kitandani?"

Ukumbi wa parokia ukalipuka kwa kicheko. Felisita akaduwaa jukwaani, sinia la chai mkononi. Maneno hayo yalimtoka mwenyewe; hayakuwamo kwenye igizo.

Ilikuwa mwaka 1999, Bariadi imepagawa na vichekesho vya televisheni. Mama Wilhelmina, mwenyekiti wa akina mama, akaona jubilei ya ndoa inoge kwa kuviigiza, na wenye miaka ishirini na mitano ya ndoa wacheze mke na mume. Anatoli, mumewe Felisita, alibeba mpaka televisheni yake na betri ya gari ya kuiwashia. Betri hiyo aliipeleka kuchajiwa kila Jumamosi, hata baiskeli ikiwa na pancha. Bati je? Masika ya nne hii Felisita analala na beseni!

Anatoli, macho kwenye kioo cha televisheni, akajibu vilevile anavyojibu nyumbani:

"Nimesikia."

Watu wakashika mbavu.

"Nakuuliza kweli, Baba Mhoja. Siigizi."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia nini?"

Anatoli akageuza antena. Jamani! Mzee Mihayo alidondoka kwenye benchi kwa kucheka.

Felisita akapaza sauti.

"Nimechoka! Kesho naenda kwa kaka yangu kule Ipililo, na sirudi!"

"NIMESIKIA!" ukumbi mzima ukaitikia.

Akalia. Machozi ya kweli yakadondokea kwenye vikombe. Wakampigia vigelegele.

Nyuma ya pazia, Wilhelmina akamkumbatia.

"Mayo, mama yangu, una kipaji! Jumapili ijayo tunawapeleka mkaigize kule Migato."

"Mimi nilikuwa nasema kweli."

"Ndiyo maana! Hapo kwenye kweli ndipo panaponoga."

Sasa amwambie nani tena?

Walirudi nyumbani, huku wauza nyanya wakimsalimia njiani, "Nimesikia!" Mvua ikawakuta mlangoni. Felisita akapitiliza chumbani kufungasha khanga zake. Anatoli akasimama kando, kofia mkononi.

"Mama Mhoja, yale machozi… ulikuwa unaigiza?"

Felisita akakunja khanga.

"Na huko kwa kaka yako?"

Felisita akakunja khanga nyingine.

Anatoli akavua viatu, akaondoa beseni, akajilaza kitandani, upande wa mkewe. Tone la kwanza likampiga shavuni, la pili jichoni.

"Lo! Kumbe linavuja kweli!"

Felisita akamtazama mwanaume mzima anavyolowa, hasira na huruma vikigombana kifuani. Miaka yote hiyo aliingoja kauli hii, na sasa imekuja hajui aifanyie nini.

"Kesho naiuza ile televisheni, ninunue bati," Anatoli akasema, maji yakimtiririka shingoni. "Usiende, mke wangu. Umesikia?"

Felisita akaketi upande mkavu, khanga mapajani.

"Nimesikia," akasema. Beseni hakumpa.