Nguzo ya Saba

Mwenye kubisha abishe nikimaliza. Asubuhi ile kiwanja cha kuuzia mchanga na kokoto kilifurika malori, madalali na makelele. Katikati ya vurugu hiyo alichutama mwanamke mwenye blauzi ya bluu iliyopigwa pasi hadi kola ikasimama yenyewe, kofia ngumu ya ujenzi kichwani, viatu vizito miguuni. Alichota mchanga kwa vidole viwili, akautia ulimini.

"Dada yangu," sauti ilishuka kutoka juu, "kama ni njaa, sema tu. Nina mkate."

Mwanamke akainua macho. Ilimbidi aendelee kuyainua. Huyo alikuwa fundi mkuu wa waashi, mrefu na mnyoofu kama uzi wa kupimia ukuta, ndiyo maana wenzake walimwita Timazi. Walisema mvua humnyeshea yeye kwanza, wengine wakapata nafasi ya kuanua nguo.

"Naonja chumvi," alijibu. "Mchanga wa bahari ukiingia kwenye zege, chuma kinaoza ndani kwa ndani kama jino."

"Na huu je?"

"Mtamu."

Timazi naye akaonja. Akatema, akakohoa mpaka dereva wa lori akampigia honi. "Huu ndio mtamu? Maskini! Nani anakupikia nyumbani?"

"Hakuna," alisema, kisha akacheka. Kicheko chenyewe kilimshtua, maana yeye na kicheko hawakuwa wameonana siku nyingi.

Kumbe wote wawili walikuwa wakienda kwenye kazi moja: jengo la utafiti na mafunzo kando ya bahari, ambamo wataalamu wangechunguza samaki na matumbawe, na watoto wa shule wangejifunza kuitunza pwani yao. Lingesimama juu ya nguzo kumi na mbili, maji yakijaa yapite chini na kaa wapite bila kubisha hodi. Paa lingekinga maji ya mvua. Madirisha yalipangwa kuukamata upepo, jengo lisihitaji mashine ya kupoza hewa. Na getini paliandikwa kwa rangi nyekundu: ni mwiko kuchukua mchanga wa ufukweni, hata gao moja la kiganja.

Mwanamke yule ndiye aliyekuwa mkaguzi. Mafundi walimpachika jina la Bi Rudia, kwa kuwa kazi mbovu aliijibu kwa neno hilo moja. Mchana walikula kwa makundi, na yeye akikaribia, mazungumzo yalikufa. Basi alikula kwenye rundo la mbao, sahani magotini, akitazamana na bahari. Jioni alirudi kwenye chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja na kiti kimoja. Shangazi yake, aliyemlea, alimpigia kila Jumapili: "Mwanangu, bado unakula na ukuta?"

Siku ya pili tu, Timazi alibeba sahani yake akaenda kuketi kwenye zile mbao. Mafundi walipiga miluzi. Hakugeuka. Siku ya kumi walikuwa wakigawana samaki, na jioni simu zikaanza.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika."

"Nani kakupokea?"

"Kiti."

"Kiambie kisijizoeze vibaya. Hapo mwenyewe yupo njiani."

"Wewe na urefu huo? Kitavunjika!"

"Mimi ni fundi, mama. Nikivunja, natengeneza."

Bi Rudia alikuwa akilala na tabasamu, akiamka nalo.

Alhamisi moja, mchana, Bi Rudia alimpigia. "Njoo tunywe chai hapo ng'ambo. Dakika kumi tu."

"Leo tunamwaga nguzo ya saba, laazizi."

"Dakika kumi, Timazi. Nimekukosa tangu asubuhi."

Alikwenda. Dakika kumi zikazaa saa mbili. Huku nyuma mchanga mzuri ukaisha, mashine ya zege inazunguka, na waashi, kwa kuogopa kazi isikatike, wakateremka ufukweni na matoroli.

Kesho yake Bi Rudia aliona alama za magurudumu zikishuka hadi majini. Kando ya nguzo ya saba palibaki mchanga kidogo. Akauonja. Chumvi ilimwingia mpaka machozini.

Alimkuta Timazi nyuma ya stoo. "Nguzo ile ilisimamiwa na nani?"

"Mimi."

"Ulikuwa na mimi."

Timazi akakuna shingo. "Usiandike, mpenzi. Ni nguzo moja kati ya kumi na mbili. Nani atajua?"

"Mimi."

"Ukiandika, jina langu limezikwa. Hakuna atakayenipa tena usimamizi."

"Na nisipoandika, watoto wa watu watasimama juu ya nini? Na huo ufukwe tumeuahidi nini pale getini?"

"Haya," alisema taratibu. "Andika. Kumbe nilikuwa nakula na karatasi."

Aliondoka. Bi Rudia aliandika, kalamu nzito kama nondo. Jumatatu meneja alimvua Timazi ukuu wa waashi, na yule mrefu akatoka getini bila kuaga. Wiki hiyo hiyo mkaguzi naye akahamishiwa mji wa mbali, kukagua madaraja, mahali ambapo hata harufu ya bahari haifiki.

Alikodi chumba kingine. Hiki hakikuwa hata na kiti. Kila alipompigia Timazi alijibiwa na yule mwanamke wa kwenye mitambo: namba unayopiga haipatikani. Wakazoeana kama wifi na wifi, mmoja anauliza, mwingine kila siku hana habari. Aliacha kupiga pasi kola. Kazini alisema "rudia", jioni hakuwa na wa kumwambia lolote.

Jumapili moja mchana simu ikaita. Alidhani ni shangazi.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Yule mrefu."

Alikaa kitandani. "Siku ishirini, Timazi."

"Umezihesabu?"

"Kazi yangu ni kupima. Ulikuwa wapi?"

"Kwa kaka yangu, nimenuna. Jana nimefuata vifaa vyangu stoo. Mtunza stoo akaniuliza, 'Ile ripoti uliisoma mpaka chini?' Nikamwambia niliona jina langu, likanitosha. Akasema ndio ugonjwa wetu warefu, chini hatufiki. Akanipa nakala. Umeandika kwamba niliondoka kwa sababu uliniita wewe. Kwamba kosa ni la wawili."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndicho kilichokuhamisha?"

"Ndicho."

Akasikia pumzi ikimtoka, ndefu kama mwenyewe. "Nisamehe. Nilikuomba ufiche, nawe ukajiweka mbele yangu."

"Na mimi nilikuita wakati wa zege. Tusameheane. Sasa uko wapi? Mbona upepo?"

"Chini ya jengo. Nimemwomba meneja nirudi kama mwashi wa kawaida, nibomoe nguzo ya saba mwenyewe. Boriti ya juu yake nimeshaiegemeza kwa magogo. Nitaisimamisha upya, hata kama ni miezi." Akakohoa. "Halafu Jumamosi ijayo nataka kwenda kwa shangazi yako. Nitakwenda na mjomba wangu."

"Kusema nini?"

"Kwamba nimekosa, na kwamba nakuoa."

"Uanze na la kukosa. Shangazi akisikia la pili kwanza, furaha haitampa nafasi ya kulisikiliza la kwanza."

Walicheka, kisha kicheko kikawaishia wote kwa pamoja. Kati yao palikuwa na safari ya siku nzima.

"Nikuache nifanye kazi?"

"Usikate," alisema. "Weka simu hapo, upige."

Nyundo ikaanza. Aliilaza simu mapajani katika chumba kile kitupu, akasikiliza pigo baada ya pigo.

"Bado imesimama?"

"Bado. Ngumu kuliko nilivyodhani!"

"Vijana wako wanajua kazi. Kosa lilikuwa mchanga tu. Pumzika kidogo."

"Nikipumzika utakata."

"Sikati."

Nyundo ikapiga tena.