Utando Juu ya Mchanga

Kila asubuhi kabla ya shule, Zenebech alimimina ndoo ya maji ya mto ndani ya chujio la mchanga jikoni. Maji yaliingia na matope, yakatoka maangavu kwenye bomba dogo.

Gifaata, sikukuu ya mwaka mpya, ilipokaribia, kila nyumba ya Wolaita, kusini mwa Ethiopia, ilisuguliwa, maana wageni wana macho. Zenebech akapaka kuta udongo mpya, kisha akafunua chujio. Lo! Juu ya mchanga palikuwa na utando wa kahawia, unateleza kama mlenda.

"Yaani tunakunywa uchafu huu?"

Akaukwangua wote. Mchanga wa juu akauosha kwa dawa ya madoa, akaurudisha ukimeta.

"Mie nimezaa, jamani!" mama yake, Workinesh, akajigamba.

Sikukuu ikafika, nyama na siagi tele, lakini mdogo wake, Tamirat, hakugusa kitu. Aliharisha mfululizo mpaka macho yakadidimia. Shingo ikalegea mikononi mwa mama. Zenebech akaogopa kweli.

Abaynesh, mhudumu wa afya wa kijiji, akaja na maji ya chumvi na sukari. "Maji ya kunywa mnachemsha?"

"Ya nini, dada? Chujio letu linang'aa," mama akajibu.

"Linang'aa? Nani kalisafisha?"

Zenebech angeweza kunyamaza, ila alimtazama mdogo wake. "Mimi. Niliutoa ule utando, nikaosha mchanga kwa dawa ya madoa."

"Weee! Utando ule ni bakteria, mwanangu, maelfu kwa maelfu, wanaishi pamoja. Hao ndio wanaokula vijidudu vya maradhi. Mchanga peke yake hauwezi."

"Kwa hiyo nimemuua Tamirat?"

"Hajafa! Acha kulia, mpe kijiko kingine. Polepole."

Wakamnywesha kutwa nzima. Jua likielekea kuzama, Tamirat akamkojolea mama yake. Mama akacheka huku analia.

"Sasa mwili una maji," Abaynesh akashusha pumzi. "Zenebech, umesema kweli, na kweli imetusaidia. Lakini usilolijua uliza kwanza. Kuuliza si ujinga. Endelea kumimina maji kila siku, utando utarudi. Mpaka hapo, ya kunywa chemsheni."

Mama akaguna. "Na wageni wakiuona?"

"Waambie hao bakteria ndio wenyeji wenu."