Nawaf Anunua Laptopu ya Gemu

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Nawaf alikuwa hashikiki. Alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba mjini Irbid, mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye masharubu ya heshima na mgongo unaouma. Lakini ikifika saa nane mchana, aliketi mbele ya laptopu yake kuukuu, akavaa spika za masikioni, akawa mtoto wa shule. Alikuwa anacheza gemu ya mpira na mwanawe, Mutasim.

Mutasim alikuwa Ujerumani, akifanya kazi hospitalini. Kwa simu, baba na mwana hawakuwa na maneno.

"Hujambo, Baba?"

"Sijambo. Kazi?"

"Alhamdulillahi."

"Haya, mama yako huyu hapa."

Basi. Simu imekwisha. Lakini mpira ukianza tu, ndimi zilifunguka. Ni kwenye gemu Nawaf alikojua kwamba mwanawe amehama chumba, kwamba baridi imempasua midomo, kwamba amejifunza kupika dengu na ameziunguza. Kila mmoja macho yake yalikuwa kwenye mpira, na maneno yalitoka yenyewe.

Ijumaa moja laptopu ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikazima, haikuwaka tena. Fundi alisema hata kuitengeneza haifai. Ijumaa iliyofuata Nawaf alizunguka nyumbani kama kuku anayetaka kutaga. Ijumaa ya tatu akachukua brashi, akapaka rangi mlango wa jikoni.

"Baba Mutasim," mkewe Wisal akamwambia, "mlango huo uliupaka juzi. Unataka uwe mnene?"

"Nifanye nini? Nakaa bure."

"Kanunue laptopu. Tuna dinari mia mbili za sofa. Sofa litangoja. Ila ufungue macho! Zikipotea hizo, hakuna nyingine mpaka mwakani."

Nawaf alijifanya anafikiri. Lakini viatu alikuwa ameshavaa.

Alikwenda kwa Baba Shihab, binamu wa Wisal, mwenye duka la kompyuta karibu na chuo kikuu. Baba Shihab alimpokea kwa mabusu ya mashavuni. Nawaf akatazama rafu, mara moyo wake ukaruka. Kulikuwa na laptopu yenye vitufe vinavyowaka nyekundu, kijani na buluu. Juu yake palibandikwa karatasi: YA GEMU.

"Hii bei gani, shemeji?"

"Bei? Aibu hiyo! Chukua bure. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Hakuna anayechukua bure, na Baba Shihab alijua hivyo. Ni adabu tu ya kusema. Nawaf akaapa kwamba atalipa. Baba Shihab akaapa kwamba halipwi. Waliapiana mpaka wateja wengine wakageuka kutazama. Mwishowe Baba Shihab akataja, kwa sauti ya chini kana kwamba anatukana, dinari mia mbili.

Baada ya maneno matamu kama hayo, mtu anaanzaje kusema, "Hebu niijaribu kwanza"? Ni sawa na kualikwa chakula ukaenda kukagua masufuria. Nawaf aliona haya. Akalipa, akaikumbatia laptopu, akaenda zake.

Sebuleni taa za vitufe ziliwaka.

"Mashaallah!" Wisal akasema. "Tumefungua ukumbi wa harusi."

Lakini gemu ilichukua muda mrefu kufunguka, chai ya mnanaa ikapoa. Ilipofunguka, wachezaji walikwenda kama watu wanaovuka matope. Mpira ulisimama hewani. Sauti ya Mutasim ilikuja vipande vipande.

"Ba... mbona... simama..."

Kisha kila kitu kikaganda. Taa tu ndizo zilizoendelea kuwaka, nyekundu, kijani, buluu. Nawaf aliumia sana. Pesa ya sofa imekwenda, na mwanawe yuko kulekule mbali, hasikiki.

Wisal aliteremka ghorofa ya chini, akarudi na jirani yao Rudaina. Rudaina alikuwa msimamizi wa chumba cha kompyuta katika chuo cha ufundi. Aliketi, akabonyeza hapa na pale, akasoma, akatikisa kichwa.

"Ami Nawaf, hii uliipendea nini?"

"Taa," Nawaf akajibu kwa unyonge. "Na ile karatasi ya gemu."

"Taa hazichezi mpira, ami. Na karatasi anaweza kubandika mtu yeyote. Ukitaka kujua mashine ina nini, iulize yenyewe. Fungua mipangilio yake, usome. Ona hapa. Kumbukumbu yake ni gigabaiti nne tu. Kumbukumbu ni kama meza ya kazi. Ikiwa ndogo, vitu vinasukumana. Kwa gemu nyepesi, usikubali chini ya nane."

"Na nyingine?"

"Prosesa yake, yaani ubongo wake, ni ya zamani mno. Laptopu za bei nafuu mara nyingi hazina chipu ya picha ya peke yake. Prosesa hiyohiyo ndiyo inayochora wachezaji na uwanja. Ikiwa dhaifu, wanatembea kama ulivyowaona. Na diski ni ile ya kuzunguka. Tafuta yenye SSD, diski isiyozunguka, ndiyo inayofungua vitu upesi."

Wisal akauliza, "Sasa kwa pesa yetu hii, tutapata hiyo nzuri? Si tutaambiwa dinari mia tano?"

"Mnacheza gemu ngapi?"

"Moja tu," Nawaf akasema. "Ya mpira. Tena ya miaka mingi nyuma. Mutasim ndiye aliyeichagua."

Rudaina akacheka. "Basi mna bahati! Kosa la watu wengi ni kutafuta laptopu kabla ya kujua watacheza nini. Kila gemu ina ukurasa wake, unaosema inahitaji mashine ya namna gani. Hebu tuusome."

Waliusoma kwenye simu ya Wisal. Gemu ile haikutaka makubwa.

"Unaona, ami? Huhitaji mashine ya wacheza gemu wakubwa. Wala usinunue mpya ya bei ya chini kabisa, hizo nyingi ni dhaifu. Tafuta iliyotumika ofisini miaka michache tu. Za ofisi hazina mapambo, lakini ni madhubuti. Ila ijaribu kabla ya kulipa."

"Niirudishe hii kwa shemeji?" Nawaf akashika kichwa. "Nimwambie na ile nyingine naijaribu? Afadhali nihame mji!"

"Ami, wewe unapaka rangi nyumba za watu. Kabla hujaanza, huugongi ukuta?"

"Naugonga. Ukuta mwingine nje mzuri, ndani unamumunyuka."

"Na ukiugonga, umemtukana mwenye nyumba?"

Nawaf akajikuna masharubu.

"Nitolee kanzu nzuri," akamwambia mkewe. "Nataka kwenda kwa binamu yako kwa heshima zote."

Kesho yake wakaingia dukani watu watatu, Nawaf, Wisal na Rudaina. Baba Shihab akafurahi, akamimina kahawa chungu katika kikombe kidogo, akampa Nawaf. Nawaf akakipokea. Hakukionja. Akakiweka mezani mbele yake, akanyoosha mgongo.

Baba Shihab akabadilika rangi. Mgeni akiweka kahawa chini bila kuinywa, ana ombi zito, na hainywi mpaka akubaliwe. Mara nyingi ni posa.

"Shemeji," akasema kwa sauti inayotetemeka, "umetupa heshima kubwa. Mutasim ni kijana mzuri. Lakini Maram bado anasoma chuo!"

"Maram gani?"

"Binti yangu! Si umekuja kumposea Mutasim?"

Wisal alicheka mpaka akashika rafu asianguke. Rudaina akajifunika uso kwa mtandio.

"La, bwana wee!" Nawaf akasema. "Nimekuja kuposa laptopu!"

"Laptopu?"

"Hii ya taa hainifai. Nibadilishie, shemeji. Na hiyo nyingine niijaribu papa hapa, kwa gemu yangu mwenyewe, kwa nusu saa, kabla sijaichukua. Bila hilo kahawa yako sinywi."

Baba Shihab alishusha pumzi, akapiga meza.

"Hilo tu? Kunywa, mtu wangu, kunywa, imeshakubaliwa! Mbona siku ile hukusema unataka kucheza mpira? Ulisimama mbele ya taa unatabasamu. Nikasema, mtu huyu anapenda taa."

"Niliona haya kukuuliza."

"Na mimi niliona haya kukuuliza! Nikuhoji wewe kama polisi?"

Nawaf akainywa kahawa yote kwa mara moja. Ilikuwa tamu kwake siku hiyo, ingawa haikuwa na sukari.

Rudaina alichagua laptopu mbili nyeusi, zilizotumika ofisini. Hazikuwa na taa wala karatasi. Alisoma mipangilio ya kila moja. Alijaribu vitufe vyote, matundu yote ya waya, na skrini yote ikiwa nyeupe ili aone madoa. Alitazama betri imechakaa kiasi gani. Kisha wakaweka gemu, Nawaf akacheza na kompyuta yenyewe. Dakika chache tu feni ya laptopu ya kwanza ikaanza kunguruma. Rudaina akagusa chini yake.

"Shika hapa, ami."

"Lo! Kama sufuria."

Mara ikazima. Baba Shihab akaiondoa upesi, akaitazama kwa hasira.

"Hii na mimi sikuijua. Kumbe kujaribu kunanisaidia hata mimi."

Ya pili ilikuwa na mkwaruzo mfunikoni na sura ya karani. Rudaina akapunguza kidogo ubora wa picha kwenye gemu, na wachezaji wakakimbia. Nusu saa ilipita. Joto lilikuwa la kawaida. Nawaf alifunga mabao manne, akapiga kelele kwa kila bao, na wanafunzi wawili waliokuja kununua chaja wakakaa kumshangilia.

"Hii," Rudaina akasema. "Ina gigabaiti nane, na ndani kuna nafasi ya kuongeza nyingine. Baba Shihab, itakuwa bei gani? Na tuandikie dhamana."

"Bei? Chukueni b—"

"Baba Shihab!" Wisal akamkatiza. "Tumekuelewa. Taja bei."

Ilikuwa dinari mia na sitini, pamoja na dhamana ya miezi mitatu, kwa maandishi na muhuri wa duka. Baba Shihab akarudisha arobaini. Wisal alizitia mkobani kabla mumewe hajaanza tena kutazama rafu.

Ijumaa ikafika. Wisal alikuwa ameifumia laptopu kitambaa kizuri cha kuifunika, akataka pia iwekwe juu ya mto isikwaruzike. Nawaf akakataa.

"Rudaina kasema inapumulia chini. Tuiweke mezani, pakavu na pagumu. Kitambaa tutaifunika nacho ikilala."

Mpira ukaanza. Wachezaji walikimbia. Sauti ya Mutasim ikaja nzima, karibu kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili.

"Baba, leo nitakufunga mpaka unihurumie!"

"Wewe? Mlinda mlango wako analala na viatu!"

Walitaniana hivyo kwa muda, mmoja mbele kwa bao, kisha mwingine. Halafu Mutasim akapunguza sauti.

"Baba."

"Sema. Ila usinichanganye, nina mpira."

"Nimefaulu mtihani wa lugha. Hospitali imenipa mkataba. Sasa mimi ni muuguzi kamili."

Nawaf akakunja uso, vidole bado vinabonyeza.

"Mtihani gani? Si ulifaulu mwaka juzi?"

"Sikufaulu. Nilianguka mara mbili. Nilikuwa nasukuma vitanda tu, Baba. Niliona aibu kukwambia." Mpira ukapita katikati ya uwanja. "Majibu yalitoka wiki ileile laptopu yako ilipoungua. Nikasema sitamwambia mtu kwa simu. Nitangoja mpaka tucheze."

Nawaf akasimama. Mikono yake iliachia vitufe. Kwenye skrini mshambuliaji wa Mutasim akawapita mabeki wote, hakuna aliyemzuia, akafunga.

"Bao! Baba, umelala?"

Nawaf alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, machozi yanaingia kwenye masharubu. Alimwita Wisal kwa mkono. Kisha akapaza sauti, jengo zima likasikia.

"Funga, mwanangu! Funga jingine! Leo funga unavyotaka!"