Nyumba Isiyokuwa na Kitanda cha Sahra

"Usikisogeze. Leta macho hapa, halafu ungoje."

Fosia aliinama juu ya meza. Mbele yake palikuwa na kidude cha chuma chenye miguu minne na lenzi mbili, kile ambacho watu wa upimaji hutazamia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Chini yake Bile alikuwa ameweka michoro miwili inayofanana, mmoja wa jicho la kushoto, mwingine wa jicho la kulia.

"Naona karatasi tu."

"Usiitafute. Itakuja yenyewe."

Mara ikaja. Mistari iliinuka kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria. Ukuta ukasimama, mlango ukaenda mbali kidogo, na hapo mbele ya Fosia pakawa na veranda ambayo angeweza kuikanyaga. Alishtuka, akainua kichwa.

"Walahi, Bile! Hii ni nyumba!"

"Ni yetu. Ingia."

Shangazi yake Fosia, Asho, aliyekuwa ameketi mkekani akichagua mchele, akacheka. "Basi avue viatu kwanza!"

Ilikuwa mwaka wa 1979, pale Bulla Pesa, mjini Isiolo. Fosia alikuwa fundi wa cherehani, mjane wa miaka ishirini na sita. Mumewe, dereva wa lori, alifariki gari lilipopinduka njia ya Merti, akamwachia binti mmoja, Sahra, ambaye saa hiyo alikuwa madrasa. Bile alikuwa mchoraji wa ramani kwenye kambi ya wapimaji kule Kinna. Posa ilishapokelewa na nikaha ilingoja Idi. Kiwanja Bile alikuwa nacho. Nyumba ilikuwa bado kichwani mwake, na sasa alikuwa amemfungulia Fosia mlango wake.

Bile akabadilisha michoro. "Hapa ni sebuleni. Umefika?"

"Nimefika," Fosia akajibu kwa sauti ndogo. "Kuna baridi nzuri."

"Dari iko juu, ndiyo maana. Sasa pita kushoto, jikoni. Halafu chumba hiki chenye dirisha kubwa ni cha cherehani yako. Jua la asubuhi litakuwa linakuja begani."

Fosia alibaki na macho kwenye lenzi. Tangu azike mume, kesho ilikuwa neno la watu wengine. Leo alikuwa amesimama ndani yake, anaona hata kivuli cha dirisha sakafuni.

"Niachie," Fosia akamwambia Bile alipokuwa anaondoka. "Niachie hicho kidude mpaka Ijumaa."

Bile akamwachia.

Kila alasiri, akimaliza kushona, Fosia aliingia katika ile nyumba. Siku ya kwanza alipanga vikombe. Siku ya pili alitundika mapazia, akayabadilisha rangi mara tatu. Akatembea chumba hadi chumba, polepole, buibui likigusa kuta ambazo hazikuwepo, na Asho akimwita haitikii.

Siku ya tatu alitaka kumlaza Sahra.

Alimbeba mtoto kwenye mawazo yake, amelala, kichwa begani. Akapita sebuleni. Akafungua chumba cha kulala: kitanda kimoja kikubwa. Chumba cha cherehani: meza. Chumba cha wageni: viti na mikeka, mlango wake ukiangalia nje. Akarudi jikoni. Akatazama jozi zote sita za michoro, tena na tena, mpaka machozi yakamtoka. Hapakuwa na mahali pa kumweka mtoto chini.

Bile alikuwa anachora hata ndoano ya taa. Mtu kama huyo hasahau kitanda.

Kesho yake asubuhi alimpa dereva wa kwenda Kinna barua: "Bile, nimeingia kila chumba. Sahra analala wapi?"

Jioni jibu lilirudi, mstari mmoja: "Tutaongea nikija."

Ijumaa, baada ya swala, Bile alikuja. Hakukaa.

"Salaam aleikum, shangazi."

"Aleikum salaam," Asho akajibu, asiinue macho.

"Nijibu tu," Fosia akasema. "Analala wapi?"

"Fosia, mama yangu..." Akageuza macho mlangoni. "Mama alisema atabariki ndoa na mjane, lakini si na mtoto wa watu. Anasema babu yake Sahra, Mzee Roble, anataka akae naye Merti. Pickup itakuja kumchukua baada ya harusi. Nilitaka kukuambia."

"Lini? Pickup ikishapiga honi mlangoni?"

"Nilidhani ukiipenda nyumba..."

"Nitamsahau mtoto?"

Bile akaigusa michoro mezani.

"Mama yako simkasirikii kama ninavyokukasirikia wewe," Fosia akasema. "Yeye alisema tu. Wewe ulikaa chini na kalamu, ukachora maisha yangu yote, ukamtoa mtoto wangu ndani. Chukua nyumba yako."

Akakunja michoro, akampa. Akampa na kile kidude.

Ramadhani ikaanza bila habari ya Bile. Fosia alishona nguo za Idi za watu wengine, na usingizi ulipomjia alijikuta tena katika ile veranda, mlango umefungwa, Sahra yuko nje.

Siku ya kumi ya mfungo, Asho aliingia mbio kutoka sokoni.

"Umesikia? Bile anajenga! Yuko kiwanjani na fundi wa mawe, yule Mturkana, Erot. Chumba kimoja kimefika lenta, juu ya madirisha."

"Ajenge. Kiwanja ni chake."

"Erot alimwuliza ni chumba cha nani. Akasema ni cha Sahra, na kama Sahra hatakuja, kitakaa kitupu."

Fosia aliendelea kukanyaga cherehani, lakini mshono ulikwenda upande.

Siku tatu baadaye, baada ya futari, hodi ikapigwa. Alikuwa Bile, vumbi la safari bado kwenye nyusi, na nyuma yake mama yake, Habsa, amejifunga shuka hadi kidevuni.

"Nimetoka Merti," Bile akasema. "Mzee Roble amekuandikia."

Fosia akasoma kwa sauti: "Binti yangu Fosia, salaam aleikum. Niliambiwa mtoto amekuwa mzigo kwako na unataka achukuliwe, ndipo nikakubali. Kama si kweli, hakuna gari litakalotoka Merti. Mtoto ana mama."

Akaikunja barua. Fosia akamgeukia Habsa.

"Mama, ni nani alimwambia mimi nimechoka na mtoto wangu?"

"Ni mimi," Habsa akasema.

"Hooyo! Mama!" Bile akamaka. "Kwa nini?"

Yule mama akakaa chini polepole, kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Baba yako aliponioa, niliacha mtoto wa kike Wajir. Alikuwa na miaka miwili, alikuwa bado ananyonya. Niliambiwa mwanamke akiolewa tena haendi na mtoto wa watu. Nikanyamaza. Mimi hakuna mtu aliyenijengea chumba." Akafuta uso kwa shuka. "Nilipoona huyu anataka kuja na wake, moyo wangu ulikuwa mbaya. Nisamehe."

Bile alikuwa amefungua mdomo. Miaka ishirini na nane, hakujua ana dada.

Fosia akaketi mkekani, uso kwa uso na Habsa. Hasira ilikuwepo, lakini haikupata tena pa kukaa.

"Anaitwa nani?"

"Abiba."

"Yuko hai?"

"Nasikia ameolewa hukohuko."

Fosia akamwambia Bile, "Chumba nimekisikia. Nitakuja. Lakini siku ukimwogopa mtu kuliko unavyoniheshimu, niambie siku hiyohiyo, usichore. Na kesho nenda posta, upige telegramu Wajir."

Nikaha ilisomwa siku tano baada ya Idi. Nyumba ilikuwa chumba kimoja tu, mengine bado misingi, na wanawake walijaa kiwanjani na nguo zao za rangi, wakipiga vigelegele. Saa tisa lori la Wajir likasimama barabarani. Mwanamke mmoja akashuka, mrefu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, amebeba mtoto mgongoni. Akasimama langoni, akatazama uso mmoja baada ya mwingine.

"Salaam aleikum," akasema. "Samahani. Kati yenu, mama yangu ni nani?"

Vigelegele vikakatika. Nyuma kabisa, karibu na masufuria, Habsa aliinua mkono polepole, kama mtoto wa shule asiyekuwa na uhakika wa jibu, na Fosia, bi harusi, akanyanyua pindo la gauni lake, akawasogeza wanawake kando ili kufungua njia.