Picha ya Nakiusagi

Yasuji alikuwa mkata miti. Tangu gogo lilipomvunja goti, alishinda ndani, mkimya. Mkewe, Kinuyo, alimpikia supu anayoipenda, akamhadithia habari za mtaani. Yasuji aliitikia tu.

Asubuhi moja alitazama mlima akasema, "Sasa hivi nakiusagi wanakausha majani huko. Natamani nimwone hata mmoja."

Nakiusagi ni mnyama mdogo, anaenea kiganjani. Ni ndugu wa sungura, ila masikio yake ni mafupi na ya mviringo. Huishi katikati ya mawe, mahali penye baridi. Hulia kama filimbi.

Kinuyo alifurahi mno. Siku nyingi mumewe hakutamani kitu. Alichukua kamera ya binti yao, akatia karoti mfukoni, akapanda mlimani.

Akamwona mmoja. Akamkimbilia, naye akazama chini ya jiwe. Akarukia jiwe jingine. Akatupa karoti. Wapi! Jioni alimwonyesha mumewe picha.

"Jiwe hili zuri," alisema Yasuji. "Na hili pia si baya."

"Nicheke tu. Kesho narudi."

Kesho yake alikuwa akirukaruka tena juu ya mawe alipoitwa kutoka njiani. Alikuwa jirani yake, Bi. Onodera, aliyewapiga picha wanyama wa porini tangu ujana wake.

"Dada Kinuyo, unapiga picha au unafukuza mwizi?"

"Hawatulii, jirani."

"Watatuliaje? Hebu tazama unapokanyaga."

Chini ya kiatu chake palikuwa na rundo la majani makavu, limesambaratika.

"Hiyo ni akiba ya nakiusagi," alisema Bi. Onodera. "Huyu halali majira yote ya baridi. Anakula majani hayo chini ya theluji. Ukimkimbiza, anaacha kukusanya. Akiba ikipungua, atakufa njaa."

Kinuyo aliondoa mguu taratibu. Aliona aibu. "Na karoti?"

"Ziokote. Akizoea chakula cha watu, atakaa mahali pa wazi, mbweha amle."

"Basi nifanyeje?"

"Kaa njiani, usipande mawe. Zima taa ya kamera, zima na mlio wake. Mvute karibu kwa lenzi, si kwa miguu. Kisha tulia. Atakuja mwenyewe."

Kinuyo aliokota karoti zake, akaketi. Akajikuna. Akabadili mguu. Akamimina chai. "Bado tu?" akauliza.

"Una siafu kwenye suruali?"

"Jirani, mimi kukaa kimya siwezi. Sijaumbwa hivyo."

"Basi tafuta mtu anayeweza kukaa."

Wakatazamana, wakaangua kicheko.

Walipomwambia nyumbani, Yasuji alikataa. "Na goti hili? Mtanibeba mgongoni?"

"Kuna mawe kando ya barabara," alisema Bi. Onodera. "Gari langu linafika."

Wakamkalisha kwenye kiti cha kukunja, kamera mapajani. Upepo ulivuma. Yasuji hakutikisika. Mara filimbi ikalia, na nakiusagi akachomoza, mdomo umejaa majani na ua moja la manjano. Kinuyo aliziba mdomo kwa mkono. Yasuji alisubiri. Mnyama alipanda jiwe, akageuza uso, na hapo ndipo Yasuji alipobonyeza.

Picha ilitoka safi, hata sharubu zilionekana. Yasuji aliitazama, akacheka kwa sauti. Kinuyo hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu goti livunjike.

Tangu hapo, kila siku isiyo na mvua walikwenda. Siku moja wageni walifika mbio, mmoja akiwa na mkate mkononi. Yasuji aliweka kidole mdomoni. Akawaeleza kwa sauti ya chini habari za mkate, za akiba na za mawe. Wakarudisha mkate mfukoni, wakaketi njiani. Baada ya muda nakiusagi wawili walitoka, wakaendelea kukusanya majani kana kwamba hapakuwa na mtu. Kila mgeni alipata picha.

"Mzee," alinong'ona mmoja wao, "kutulia hivi ulijifunzia wapi?"

"Nilivunjika goti," alijibu Yasuji, akainamia tena kamera.