Hatua za Idd

Kitu cha kwanza kumpotea Joachim kilikuwa sauti ya viatu vyake. Alikuwa mlinzi wa mapokezi kwenye jengo moja la mtaa wa Al Mankhool, Dubai, na mchana mmoja, akivuka ukumbi wa marumaru kumfungulia mpangaji mlango, aligundua hasikii anavyotembea. Alisikia hatua za mtu mwingine, nzito, za buti, na karibu na sikio lake pumzi ya mtu aliyebeba mzigo. Puani ikaja harufu ya udongo ulionyeshewa. Nje ilikuwa Julai, jua linachoma.

Harufu ile aliijua. Miaka sita nyuma alikuwa askari wa Tanzania huko Kongo, na rafiki yake Idd alifia kwenye matope ya namna hiyo. Joachim alivishwa nishani kwa kumbeba Idd chini ya risasi, na barua ya sifa aliyopewa ndiyo iliyompatia kazi hii.

Hakumwambia mtu. Lakini Nassir, Mzanzibari aliyepanga naye chumba, akamuuliza kwa sauti ya chini ni nani anayehema kitandani kwake wakati yeye yuko kazini. Joachim akasema ni kiyoyozi.

Ijumaa, saa saba mchana, alitoka kununua maji, na alipofika ukingoni mwa barabara akahisi mikono ikimshika nyuma ya magoti, ikamnyanyua, nyayo zikaacha lami, na zile hatua zikaanza kukimbia naye katikati ya magari, honi zikilia, breki zikisaga, mpaka akajikuta amelala upande wa pili, na dereva mmoja amesimama juu yake akimuuliza kama ameumia.

Nassir hakuuliza tena. Alimpeleka mtaa wa Al Muraqqabat kwa Bi Hamida, mama wa Kiunguja aliyeishi Dubai miaka mingi na kuwasomea watu dua. Joachim, Mkristo, aliingia kwa kusitasita. Bi Hamida alisomea bakuli la maji, akakatiza katikati.

"Nani alimbeba mwenziwe, mwanangu?"

Joachim akaeleza kama ilivyoandikwa kwenye barua. Bi Hamida akafunika bakuli.

"Basi rudi kwako. Mie sina la kukusomea."

Ndipo yakamtoka. Idd alikuwa amekwisha kufika salama handakini. Alirudi kwa sababu Joachim alipigwa risasi ya paja na alikuwa akilia jina lake. Akamweka mgongoni. Njiani risasi ikamwingia Idd tumboni, naye akaendelea kutembea, hakumtua, hadi akaanguka kwenye handaki lao. Wenzao walimkuta Joachim amemkumbatia marehemu, wakadhani yeye ndiye aliyembeba. Hakuwasahihisha.

"Huyu si jini wa kufukuzwa," Bi Hamida alisema taratibu. "Hajui kama mshafika. Bado anakubeba. Yaseme haya kwa wanaostahiki kuyasikia, atakutua."

Jioni hiyo Joachim aliwaandikia wakubwa wa jeshi. Kisha akampigia Bi Masuda, mama yake Idd, Kondoa. Akamsimulia yote, kuanzia risasi ya paja hadi handaki.

"Sema tena," Bi Masuda alisema.

Akasema tena. Na hapo, amesimama kwenye ngazi za jengo, akahisi ile mikono inalegea nyuma ya magoti. Kovu la paja, ambalo kwa wiki nzima hakulisikia, likaanza kumuuma.

Miezi minne baadaye jeshi lilimnyang'anya Joachim nishani yake, na Idd akatunukiwa ya ushujaa. Joachim na Nassir walitazama kwenye simu Bi Masuda akiipokea kambini, mgongo umenyooka, bila kulia.

Kesho yake alasiri Bi Masuda alipiga mwenyewe. Alishukuru. Kisha akashusha sauti, akaeleza kwamba tangu siku ile Joachim alipompigia, kuna mtu nyumbani kwake. Haonekani. Huja kujilaza mkekani, na mkeka hubonyea. Majirani wanamshauri aite shehe amtoe.

Joachim akasema yuko mama mmoja hapa anayeweza kusaidia.

"Usithubutu," Bi Masuda alisema. "Ametembea sana. Mwache."

Nyuma yake, sauti ya mwanamume ikaomba maji. Joachim aliitambua.

"Nakuletea, mwanangu," Bi Masuda aliitikia, na simu ikakatika.